Safari ya Watu wa Ilongero Kutazama Majumba ya Unguja

Leo twataka kuwasimulia habari za safari yetu, sisi watu 16 wa Ilongero katika nchi ya Singida, tuliokwenda Unguja kutazama majumba ya kale, milango ya nakshi, na kazi nyingine za mikono ya mafundi. Labda mtu atauliza, "Watu wa bara, wakulima wa mtama na alizeti, wana haja gani na majumba ya kisiwani?" Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu kwanza, kwa maana asiyejua sababu ya safari hawezi kuipima faida yake.

Kijijini kwetu lilibaki tembe moja la zamani. Kwa ajili ya wale wasioijua nchi yetu, yafaa tueleze tembe ni nini. Ni nyumba ya miti na udongo, yenye kuta fupi na dari iliyo sawa kama meza. Juu ya nguzo huwekwa boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito majani, na juu ya majani udongo ulioshindiliwa. Sisi Wanyaturu, ambao kwa lugha yetu twajiita Arimi, tulijenga hivyo tangu zamani, na jirani zetu Wagogo vile vile. Leo watu wengi wamejenga nyumba za matofali na mabati, wala hatuwalaumu. Tembe lina giza, moshi hukaa ndani, na papasi hupenda sakafu ya vumbi. Hata hivyo lina wema wake: mchana wa jua kali ndani huwa baridi, na usiku wa kipupwe ndani huwa na joto.

Basi mwenye tembe lile alifariki, watoto wake wanakaa mijini, na mvua ikaanza kuila dari. Kijiji kikagawanyika. Vijana walisema, "Livunjwe, kiwanja kipate kazi." Baadhi ya wazee walisema, "Libaki, tusije tukasahau tulikotoka." Maneno yakawa makali, hata watu wa nyumba moja wakanuniana. Ndipo fundi wetu mmoja, mzee aliyejenga matembe pamoja na baba yake, aliposema, "Wanangu, mnagombania kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekitazama. Twendeni kwanza mahali penye nyumba nyingi za kale, tujue wenyeji wanazifanyia nini, nazo zinawafaa nini." Mwalimu wetu wa historia akasema kwamba mahali hapo ni Mji Mkongwe wa Unguja. Tukachanga fedha za alizeti na vitunguu. Wanafunzi 4 wakachaguliwa kufuatana nasi, na vijana waliotaka tembe livunjwe wakapewa nafasi 3, ili asiwepo wa kusema kwamba mashahidi wote walikuwa wa upande mmoja.

Tulitoka Ilongero alfajiri, tukafika Singida mjini jua likichomoza kati ya yale majabali makubwa, kisha tukapanda basi hadi Dodoma. Kutoka Dodoma tulipanda treni ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya mji huo na Dar es Salaam mwaka 2024. Mzee wetu, aliyezoea kuiita treni gari la moshi, alichungulia dirishani kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Gari la moshi ni hili, lakini moshi wenyewe uko wapi?" Sote tukacheka. Asubuhi ya pili tulipanda meli bandarini, na baada ya saa 2 hivi tukaona mbele yetu mji uliosimama ukingoni kabisa mwa maji. Wengi wetu hatukuwa tumeiona bahari kabla ya siku ile.

Mji Mkongwe si mji mpana. Njia zake nyingi ni nyembamba, hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Kuta ndefu za pande mbili hutia kivuli, na upepo wa baharini hupita katikati kama maji katika mfereji. Majumba mengi yaliyopo yalijengwa katika karne ya 19, wakati biashara ya pembe za ndovu, karafuu na watumwa ilipoleta mali nyingi kisiwani. Mwaka 2000 mji huu uliandikwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, katika orodha ya urithi wa dunia.

Tulipokewa na fundi mwashi wa kazi ya chokaa. Alipomwona mzee wetu alimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha fundi akatukaribisha sote. Hakutupeleka kwanza kwenye jumba kubwa, bali kwenye nyumba ya kawaida iliyokuwa ikitengenezwa, ambayo lipu ya ukuta wake ilikuwa imebanduliwa. "Nyumba nayo huvaa nguo," alisema. "Akitaka kuijua, fundi huitazama ikiwa haijavaa."

Alituonyesha kwanza mawe. Ni mawe ya matumbawe, ambayo zamani sana yalifanyika baharini kwa viumbe vidogo wasiohesabika. Mawe hayo hayo huchomwa kwa kuni nyingi, yakawa chokaa. Chokaa huchanganywa na mchanga na udongo, ikawa gundi ya kushikamanisha mawe mengine. Kuta ni nene, zapata nusu mita au zaidi, na kwa sababu hiyo ndani hakuna joto kali. Kisha akatuonyesha juu. Dari imechukuliwa na boriti za mikoko, miti iotayo katika maji ya chumvi, ambayo mingi ililetwa kwa majahazi kutoka mdomo wa mto Rufiji. Kwa kuwa boriti moja haipiti mita 3 hivi ikabeba mzigo kwa salama, vyumba vingi vya kale ni vyembamba na virefu. Hivyo mti wa Rufiji ndio uliopima upana wa chumba cha tajiri wa Unguja. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto. Zamani watu wengi walikusanyika kuipiga sakafu hiyo kwa vijiti siku kadha wa kadha, huku wakiimba, hata ikawa ngumu kama jiwe moja.

Mzee wetu alisikiliza bila kusema neno. Kisha akainua mkono, akagusa boriti, akahesabu kwa vidole: "Boriti, mawe, kokoto, chokaa. Kwetu boriti, fito, majani, udongo. Mwanangu, hili ni tembe! Ni tembe lililopanda juu ya mgongo wa tembe jingine." Fundi alicheka sana, lakini hakukataa. Alisema kwamba zamani dari nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa sawa, nayo mapaa ya mabati yaliwekwa baadaye kwa ajili ya mvua. Akaongeza, "Mabati hayakufika kwenu tu, mzee wangu. Na kwetu yalibisha hodi."

Wasikilizaji, neno lile lilitugeuza macho. Tulikuwa tumekwenda kama wageni wa kustaajabia mambo ya watu wengine; tangu saa ile tukatazama kama watu wa kazi moja.

Siku ya pili tulitazama milango. Husemwa kwamba zamani mtu alipojenga alianza na mlango, kisha nyumba ikaufuata. Na kweli, mlango ndio uliotangaza heshima ya mwenye nyumba. Milango hii ni ya mbao ngumu kama msaji na mfenesi, yenye mbao mbili zinazokutana katikati. Mahali zinapokutana pana mti mrefu wa nakshi uitwao mfaa. Mingi ya mtindo wa Kiarabu ina kizingiti cha juu kilicho sawa, nacho huandikwa maneno ya Kurani. Ile yenye upinde juu na vipuli vikubwa vya shaba huhesabiwa ya mtindo wa Kihindi. Husimuliwa kwamba huko Bara Hindi vipuli vya namna hii viliwekwa ili ndovu wasiisukume milango kwa vichwa. Mwanafunzi mmoja akauliza kama Unguja palikuwa na ndovu. Mwalimu akamjibu, "Ndovu hawakuwako, pembe zao ndizo zilizofika, nazo zilitoka kwetu bara." Tuliona nakshi za samaki, mitende, minyororo na maua ya yungiyungi. Fundi alituonya tusiamini kila maelezo ya maana zake, kwa kuwa wenyeji wenyewe hawaafikiani juu ya zote.

Neno la mwalimu kuhusu pembe lilitufuata hadi Mkunazini, penye Kanisa Kuu la Anglikana. Mahali pale palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo lilianza kujengwa kanisa, chini ya uangalizi wa Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika vitabu vya kufundisha Kiswahili. Alifariki mwaka 1882, akazikwa humo. Paa la kanisa hili ni la mviringo, limefanywa kwa mawe ya matumbawe na saruji bila boriti hata moja, na mzee wetu alilitazama hata shingo ikamwuma. Nyuma ya mlango mkubwa kuna nguzo fupi ambazo wenyeji husimulia kwamba ziliwekwa juu chini wakati askofu alipokuwa hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo.

Nje ya kanisa kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu za watu 5 waliosimama, shingoni wakiwa na minyororo. Hazikuchongwa kwa madaha. Nyuso zao ni za watu waliochoka. Binti mmoja wa shule alimshika mzee mkono akauliza, "Babu, hawa ndio waliojenga yale majumba?" Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Wengine walibeba mawe, wengine walichuma karafuu zilizolipa mafundi, na wengine walibeba pembe kutoka bara hadi pwani. Mimi sijui majina yao. Lakini ukiusifu ukuta, wakumbuke na waliobeba mawe." Hatukuongea sana njiani siku ile. Tulifahamu kwamba uzuri wa nyumba haufuti uovu wa mali iliyoijenga, na uovu wa mali ile haufuti ustadi wa mikono. Mtu mzima hana budi kuyachukua yote mawili. Zaidi ya hayo, ikiwa watu wa bara wamo katika kuta zile kwa jasho lao, basi hatukuwa wageni kamili mahali pale, nasi tuna haki ya kuyatazama na kuyauliza.

Siku ya tatu tulikwenda kusini ya kisiwa, mahali paitwapo Kizimkazi Dimbani. Huko kuna msikiti ambao, ukiuona kwa nje, ni jengo dogo lenye paa la mabati, na mpita njia aweza kuupita bila kugeuza shingo. Tuliomba ruhusa, tukavua viatu, tukaingia. Ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Sehemu kubwa ya jengo lilivyo sasa ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamedumu zaidi ya miaka 900. Kijana mmoja wetu, aliyekuwa wa kwanza kutaka tembe livunjwe, alirudi ndani mara ya pili peke yake. Alipotoka alisema tu, "Kumbe bati laweza kufunika kitu na kukihifadhi pia."

Tuliliacha jumba kubwa kuliko yote liwe la mwisho. Jumba hilo ni Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said. Lilikuwa na nguzo ndefu za chuma zilizochukua baraza za ghorofa zote, na lilikuwa jengo la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga mahali pale kwa muda usiotimia saa moja. Kasri la jirani likabomoka, lakini Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Basi jumba lile ambalo mizinga haikuliangusha, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka, wakati wa kazi ya kulitengeneza, na watu 2 wakapoteza maisha.

Tulisimama mbele yake tukiwa na huzuni. Sisi si wahandisi, wala hatuthubutu kueleza sababu ya anguko lile. Lakini tulimwuliza fundi wetu jinsi nyumba za mawe zinavyokufa kwa kawaida, naye alitujibu kwa neno moja: "Maji." Akafafanua. Bati moja likitoboka, au mfereji wa paa ukiziba, maji huingia ukutani. Chokaa ikiloa kila masika hupoteza nguvu. Boriti ikiloa, ncha yake iliyo ndani ya ukuta huoza polepole, na mtu aliye chumbani haoni kitu. Mwaka wa kwanza ni doa tu. Mwaka wa tano ni ufa. Kisha siku moja dari hushuka. "Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema fundi, "na wengi wetu twaimba methali hiyo tukiwa tumelala chini ya ufa."

Ili tusirudi na huzuni tupu, alituonyesha pia jumba la zahanati ya zamani, lililo karibu na bandari, lenye baraza za mbao zilizochongwa kama kamba za lesi. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, likamalizika mwaka 1894, baada ya yeye kufariki. Baadaye lilichakaa vibaya sana, lakini katika miaka ya 1990 lilitengenezwa upya kwa fedha za shirika la Aga Khan. Tukaona basi kwamba nyumba iliyochakaa yaweza kurudi, kama bado wako watu wenye kuijua kazi yake.

Hapo ndipo tulipopata jibu la ugomvi wetu, nalo halikuwa kama tulivyotazamia. Sisi tulikuwa tukiuliza, "Libaki au livunjwe?" Fundi wa Unguja alituuliza swali jingine: "Kwenu wako wangapi wanaoweza kuijenga dari ile upya?" Tukatazamana. Alikuwako mmoja, na umri wake umepita miaka 70. Kumbe tembe lilikuwa hatarini kwa mvua, lakini elimu yake ilikuwa hatarini zaidi, maana ilikaa katika kichwa cha mtu mmoja.

Tuliporudi Ilongero tulifanya mkutano, tukaeleza kila tuliloona. Yafuatayo ndiyo tuliyokubaliana, nasi twayataja ili yamfae yeyote mwenye nyumba ya kale, iwe ya udongo au ya mawe.

Kwanza, kila mwaka kabla ya mvua kunyesha, watu wapande juu waikague dari, wazibe kila tundu na kuongeza udongo pale ulipopungua.

Pili, maji yapewe njia. Chimbeni mfereji kuzunguka ukuta, yasisimame msingini.

Tatu, boriti iliyooza ibadilishwe mara moja kwa mti wa aina ile ile, wala isingojee wenzake waoze.

Nne, nyumba isiachwe tupu. Nyumba isiyo na mtu hufa upesi. Tembe letu sasa hutumiwa na wanafunzi kwa somo la historia.

Tano, na hili ndilo kubwa, maneno ya fundi yaandikwe angali hai. Wanafunzi wetu 4 wamepima kila chumba kwa kamba, wamechora nguzo zote, na wameandika jina la kila mti kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, kama mzee alivyowatajia.

Kazi ya dari ilichukua siku 6. Mzee hawezi tena kupanda juu. Alikaa kwenye kigoda kivulini, akatoa amri kama jemadari, na vijana wakamtii. Yule kijana wa Kizimkazi naye alibeba udongo. Hajabadili nia kuhusu nyumba yake mwenyewe: atajenga ya matofali na mabati, na hiyo ni haki yake. Lakini sasa anajua jinsi fito zinavyopangwa, naye ameahidi kumfundisha mdogo wake.

Hatutaki mdhani kwamba yote yalikwenda vema. Mvua ya kwanza iliponyesha, dari ilivuja katika pembe ya mashariki. Vijana wakaona haya. Mzee alikuja na fimbo yake, akatazama maji yanayodondoka, akacheka. "Mimi na baba yangu," alisema, "ya kwanza yetu ilivuja pembe tatu. Mvua ikikatika pandeni tena, nami nitawaambia mlipokosea." Wakapanda, wakakuta majani yalitandikwa haba, wakatengeneza. Mvua ya pili haikuingia.

Wasikilizaji wetu, si kila mtu aweza kufika Unguja, wala si lazima. Kesho mtakapoamka, tazameni nyumba kongwe iliyo karibu nanyi, iwe tembe, msonge, au banda la babu. Ulizeni ni nani aliyeijenga, kwa miti gani, na ni nani bado anayejua. Ikiwa mtu huyo yu hai, mwendeeni mapema, na chukueni karatasi na kalamu.

Kwaherini.